Midomo iliyovimba na dawa ya presha: zahanati ndogo ifuatilieje madhara ya dawa

Swali: Shikamoo mfamasia. Mimi ni muuguzi katika zahanati moja ya kijijini huku Kibosho, nje ya Moshi. Tuko watumishi watatu. Mwezi uliopita mama mmoja wa miaka hamsini na kitu, anayetumia enalaprili kwa ajili ya presha tangu mwaka jana, alikuja asubuhi midomo na shavu moja vimevimba. Hakuwa na vipele wala hakuwashwa. Tukadhani ni samaki aliyekula jana yake. Tukamchoma haidrokotizoni, tukampa Piriton ya mzio, uvimbe ukaisha baada ya siku mbili, akaendelea na dawa zake. Baadaye nikasoma kwamba dawa ile inaweza kuvimbisha uso. Je, tulipaswa kutoa taarifa? Zahanati yenye watu watatu na foleni ndefu inafuatiliaje madhara ya dawa? Na mganga mfawidhi wetu anauliza: tukijaza hiyo fomu ya taarifa za madhara, si tutaonekana tulikosea?

Jibu: Marahaba, dada. Kabla ya kugusa fomu nianze na mama mwenyewe, kwa sababu kwa maelezo yako bado anameza enalaprili. Mtafute leo. Kama namba yake ya simu haipo kwenye daftari, mtume mhudumu wa afya ngazi ya jamii wa kitongoji chake. Aache dawa hiyo, aje apimwe presha, na mganga mfawidhi ampangie nyingine siku hiyohiyo ili asikae bila kinga. Amlodipini inafaa, na kama hapo kwenu haipo aandikiwe akaichukue kituo cha afya. Ikimletea usumbufu, mara nyingi utakuwa uvimbe wa vifundo vya miguu, ambao ni kero kuliko hatari. Losatani nayo hutumika kwa watu wa aina yake, ila hiyo ningemwachia daktari wa hospitali aamue, wala si wiki hii. Mwambieni pia kwamba uvimbe unaweza kurudi hata wiki kadhaa baada ya kuacha dawa, asije akaona mmemdanganya.

Sasa kwa nini nina wasiwasi kiasi hiki na uvimbe ulioisha wenyewe? Enalaprili, kaptoprili, lisinoprili na ndugu zao hushusha presha kwa kuzuia kimeng'enya kinachosaidia kutengeneza kemikali inayobana mishipa ya damu. Kimeng'enya hichohicho kina kazi ya pili: huvunja kemikali iitwayo bradikinini. Kikizuiwa, bradikinini hurundikana na mishipa midogo huanza kuvujisha maji kwenye midomo, ulimi na koo. Wakati mwingine utumbo ndio unaovimba, mgonjwa akalalamikia tumbo tu na uso wake ukawa sawasawa. Bradikinini inahusishwa pia na kile kikohozi kikavu kinachowasumbua watumiaji wengi wa dawa hizi, kikohozi ambacho nimekuta wazee wamepewa antibayotiki mara mbili, mara tatu, wakati kilichotakiwa ni kubadilisha kidonge cha presha.

Uvimbe wenyewe ni nadra, chini ya mtu 1 kwa kila watumiaji 100, lakini watu weusi hupatwa nao mara kadhaa zaidi ya wazungu. Unaweza kutokea wiki ya kwanza, unaweza kutokea baada ya miaka. Kwa hiyo maneno kama "ameitumia tangu mwaka jana bila shida" hayaiondolei dawa shaka hata kidogo. Na dalili mliyoiona nyinyi wenyewe, kuvimba bila vipele na bila kuwashwa, ndiyo inayoutofautisha na mzio wa kawaida. Mzio wa kawaida huendeshwa na histamini. Huu hauendeshwi na histamini, kwa hiyo Piriton na haidrokotizoni haziufanyii kazi kubwa. Uvimbe wa mama yenu uliisha kwa wakati wake. Safari ijayo unaweza kushika ulimi au koo. Ukiona ulimi umenenepa, sauti imebadilika au mate yanamtoka kwa sababu hawezi kumeza, hapo ni kuita gari la wagonjwa aende hospitali ya Mawenzi au KCMC bila kungoja uvimbe upungue. Na mkiwa hamna uhakika, kifua kinambana, presha imeanguka, vipele vimetoka, chomeni adrenalini kwenye msuli wa paja. Katika mashaka ya namna hiyo kuchelewa ndiko kunakoua.

Kwenye kadi yake ya kliniki andikeni kwa wino mwekundu, juu kabisa, jina la dawa, kilichotokea na tarehe. Haruhusiwi tena dawa yoyote ya jamii hiyo, maisha yake yote. Mfundisheni kuitambua: majina yao kwenye kopo au pakiti huishia na herufi p-r-i-l. Mwombe mtoto wake aipige picha ile kadi aiweke kwenye simu. Watu wetu hawatibiwi mahali pamoja. Leo yuko kwenu, mwezi ujao yuko kwa bintiye Arusha na anaingia duka la dawa muhimu Ngaramtoni, anasema "nina presha", anauziwa ileile aliyoiacha huku. Kadi iliyoandikwa vizuri ndiyo kinga pekee atakayosafiri nayo.

Swali lako la kwanza: ndiyo, mlipaswa kutoa taarifa, na bado mnaweza. Mwezi mmoja si kitu.

Najua pingamizi linalotolewa kila ninapokaa na watumishi wa zahanati: madhara haya si yanajulikana tayari? Yameandikwa kwenye karatasi iliyomo ndani ya boksi, tutawaambia nini kipya? Karatasi ile imeandikwa kutokana na majaribio ya dawa, na majaribio huwa na watu elfu kadhaa, mara nyingi si wa kwetu, waliochaguliwa kwa uangalifu, wasio na magonjwa matatu kwa pamoja, wanaopimwa figo kila mara. Mgonjwa wa Kibosho ana presha na sukari, anameza diklofenaki ya magoti aliyojinunulia, na anakunywa mizizi aliyopewa na shangazi. Jinsi dawa inavyomtendea yeye hakuna anayeijua mpaka mtu aliyemwona aiandike. Uchambuzi mmoja uliopitia tafiti 37 za nchi mbalimbali, uliochapishwa mwaka 2006, ulikadiria kwamba zaidi ya taarifa 9 katika kila 10 za madhara ya dawa hazifiki popote. Kwa hiyo mkikaa kimya mmefanana na wengi, lakini ukimya huo unalipwa na wagonjwa.

Mfano wa karibu nasi ni wa Botswana. Huko wakunga walikuwa wakimkagua kila mtoto anayezaliwa katika hospitali zilizokuwa kwenye ufuatiliaji na kuandika dawa alizokuwa akitumia mama. Mei 2018 ikatangazwa kwamba kati ya wanawake 426 walioshika mimba wakiwa tayari wanatumia dolutegraviri, dawa ya virusi vya UKIMWI, watoto 4 walikuwa na kasoro ya ubongo au uti wa mgongo, wakati kawaida ni kama mtoto 1 kwa kila 1,000. Nchi nyingi zikasita kuwapa dawa hiyo wanawake wa umri wa kuzaa. Lakini wakunga hawakuacha kuandika. Kadiri watoto waliokaguliwa walivyoongezeka ndivyo tofauti ilivyopungua, na kufikia 2022 haikuonekana tena. Hiyo ndiyo dawa inayomezwa leo na wagonjwa wengi wa kliniki zetu za UKIMWI (CTC). Maandishi ya wakunga yaliiweka dawa kwenye mashaka, na maandishi hayohayo yakaitoa. Bila daftari, tungebaki na uvumi wa upande mmoja au mwingine.

Na si lazima muwe na hakika. Hapa ndipo watumishi wengi wanapokwama: wanadhani wakijaza fomu wanaapa kwamba dawa ndiyo chanzo. Hapana, shaka inatosha. Kuna mambo 4 yasiyoweza kukosekana: mgonjwa anayetambulika (herufi za kwanza za jina au namba ya kadi, umri na jinsia, si jina kamili), mtoa taarifa, dawa inayoshukiwa, na kilichotokea. Kupima uzito wa shaka ni kazi ya Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, TMDA, na wataalamu wake. Tanzania iko kwenye mpango wa kimataifa wa Shirika la Afya Duniani tangu 1993, hivyo taarifa zetu huungana na nyingine zaidi ya milioni 30 kwenye hazina iliyoko Uppsala, Sweden. Taarifa moja ya Kibosho peke yake haisemi mengi. Ikikutana na ya Mbulu, ya Mwanza na ya Nairobi, mtu anayezitazama zote pamoja anaweza kuona kitu ambacho hakuna hata mmoja wenu angeweza kukiona.

Fomu ni ile ya njano. Mwombeni mfamasia wa halmashauri, au ofisi ya TMDA Kanda ya Kaskazini iliyoko Arusha. Siku hizi taarifa hutumwa pia kwa njia ya mtandao. Tukio zito, yaani kifo, kuhatarisha maisha, kulazwa, ulemavu, au mtoto kuzaliwa na kasoro, lipelekwe mara moja bila kusubiri ripoti ya mwezi. Madhara baada ya chanjo yana fomu yake na hupitia kwa mratibu wa chanjo, msiyachanganye.

Tuje kwenye foleni. Sikushauri muanzishe mfumo mpya. Mko watatu, utakufa wiki ya pili. Nashauri swali moja, liulizwe mahali pamoja, kila mgonjwa wa kurudia anapokuja. Mahali pazuri ni pale anapofungwa kitambaa cha kupimia presha, kwa sababu ameketi, mkono wake uko kwako, na hakimbilii dirisha la dawa. Ila chagueni maneno. Ukimuuliza mzee wa Kichaga "dawa hazikusumbui?" atakujibu "hapana, namshukuru Mungu", hata kama hajalala siku tatu, kwa sababu kulalamikia dawa mbele ya aliyekupa kunaonekana kama kukosa shukrani. Muulize: "Tangu uanze dawa hii, kuna kitu gani kipya mwilini mwako?" Kisha taja sehemu: kifua, tumbo, ngozi, miguu, usingizi, kichwa. Akikuambia "ni maudhi madogo madogo tu", usimwache hapo, muulize ni yapi. Wengi wanaoacha dawa kimyakimya walianza kwa maudhi madogo ambayo hakuna aliyeyauliza.

Ongezeni na swali la dawa nyingine anazotumia, za duka na za asili, na mliulize bila kukunja uso. Mnakumbuka 2011, watu walipomiminika Samunge, Loliondo, kwenda kunywa kikombe cha dawa ya asili. Wapo walioacha dawa za sukari na za virusi baada ya safari ile, na wengi hawakusema kliniki kwa kuogopa kufokewa. Mgonjwa anayeogopa kukuambia anachokunywa amekufunga macho.

Si dawa zote zinastahili jicho lilelile. Kama nafasi yenu ni ndogo, wekeni nguvu kwa wagonjwa wa aina chache. Wa kwanza kwangu ni mzee wa sukari anayemeza glibenklamidi. Dawa hiyo hulazimisha kongosho kutoa insulini awe amekula au hajala, na kwa mzee ambaye figo zake zimechoka hukaa mwilini muda mrefu. Anaimeza alfajiri, anashuka shambani kukata majani ya ng'ombe, chai ataikuta akirudi. Saa nne anatetemeka, jasho linamtoka, anaongea maneno yasiyoeleweka. Majirani wanasema amelewa mbege, nyumbani wanadhani ni malaria, akifika kwenu anapimwa malaria. Pimeni sukari kwanza. Kila mgonjwa wa sukari aliyechanganyikiwa au kupoteza fahamu apimwe sukari kabla ya kingine chochote, na ikiwa imeshuka chini, hilo ni tukio la madhara ya dawa, liandikwe. Kabla ya Ramadhani na kabla ya Kwaresima waulizeni wenye sukari kama watafunga, maana dozi inahitaji kupangwa upya mapema. Mwezi wa mfungo ukishaanza mmechelewa.

Wa pili ni mwenye ngozi. Septrini, dawa za kifafa kama karbamazepini, fenobabitali na fenitoini, na nevirapini kwa wachache ambao bado wanaitumia, zinaweza kuleta ugonjwa mkali wa kubabuka ngozi, mara nyingi ndani ya wiki 4 za kwanza. SP nayo imo; ilipokuwa tiba kuu ya malaria nchini kuanzia 2001 hadi dawa ya mseto ilipochukua nafasi mwishoni mwa 2006, jambo hili lilizungumzwa sana, na sasa wajawazito bado wanaimeza kliniki kwa kinga. Msiwatishe, ni nadra sana na faida yake ni kubwa. Ila muwe mnajua cha kutazama. Upele wa kawaida unawasha. Huu mbaya unauma, unakuja na homa, macho mekundu, vidonda mdomoni au sehemu za siri, na ngozi huanza kuinuka kama iliyoungua. Hapo dawa inasimamishwa palepale na mgonjwa anapelekwa hospitali siku hiyo. Nyinyi wa Moshi mna bahati ambayo mikoa mingi haina, kwa kuwa KCMC kuna kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi tangu 1992, kinachofundisha wataalamu wa nchi nyingi za Afrika.

Wagonjwa wa kifua kikuu tayari wana ufuatiliaji wao: mkojo mwekundu wa rifampisini hauna neno, ganzi ya miguu inataka vitamini B6, macho kuwa ya manjano yanataka dawa zisimame na mgonjwa aonwe na daktari. Wenye kifua kikuu sugu wako chini ya uangalizi wa hospitali ya Kibong'oto, lakini wanapokuwa nyumbani nyinyi ndio wa kwanza kusikia mapigo ya moyo yanawaendea mbio au wamezimia.

Kuhusu maandishi, madaftari ya MTUHA, yaani ya takwimu za huduma, hayana safu ya madhara, wala msianze kuyachora. Nunueni kaunta buku moja, ikae meza ya kupimia presha. Tarehe, namba ya mgonjwa, dawa, alianza lini, nini kimetokea, mmefanya nini, ameishaje. Mstari mmoja kwa mgonjwa. Mwisho wa mwezi mganga mfawidhi anaipitia kwa dakika chache na kuamua ipi inakwenda kwenye fomu ya njano.

Kitu kinachopotea kuliko vyote ni namba ya toleo la dawa. Vidonge vinatoka Bohari ya Dawa kwenye kopo la vidonge 1,000, mnavihesabia kwenye kibahasha, kopo likiisha linatupwa au linageuzwa la kuwekea chumvi, na toleo limekwenda nalo. Ni rahisi kuzuia. Kopo jipya linapofunguliwa, andikeni kwenye ukurasa wa mwisho wa ile kaunta buku: jina la dawa, toleo, tarehe ya kufunguliwa. Mgonjwa akirudi na tatizo mnajua alipewa lini, na mkiangalia tarehe mnajua alipewa kutoka kopo lipi. Mwaka 2022 nchini Gambia watoto wapatao 70 walikufa kwa figo kushindwa kazi baada ya kunywa dawa za maji zilizochafuliwa na diethilini glikoli. Madaktari waliona kwanza watoto waliokuwa na homa ya kawaida wakiacha kukojoa. Baada ya hapo, kitakachomwokoa mtoto anayefuata ni kujua chupa ipi, toleo lipi, limegawiwa wapi.

Mganga mfawidhi anaogopa lawama, na simcheki, kwa sababu utumishi wetu umejaa barua za kujieleza. Mwambie kwamba mfumo huu haukuanzishwa kutafuta mkosaji. Enalaprili mlimpa mama yule kwa sababu sahihi, kwa dozi inayokubalika, kwa ugonjwa alionao. Mwili wake ukaikataa kwa namna ambayo hakuna anayeweza kuitabiri. Hata pale ambapo kweli kuna kosa, dozi imezidi au dawa mbili zisizopatana zimetolewa pamoja, taarifa bado inahitajika, maana kosa lililofanyika Kibosho huenda linafanyika Machame na Marangu kwa sababu makopo mawili yanafanana rangi. Huwezi kubadilisha lebo bila mtu kusema. Wekeni nakala ya kila fomu mnayoituma, na msipopata jibu, muulizeni mfamasia wa halmashauri. Mna haki ya kujua taarifa yenu ilifika.

Fomu ya mama huyu ijazeni hivi. Dawa inayoshukiwa ni enalaprili, na dozi yake, na mwezi aliouanza. Chini yake orodhesheni dawa nyingine zote, pamoja na za asili kama zipo. Tukio: kuvimba midomo na shavu, bila vipele, bila kuwashwa, bila shida ya kupumua, kumeisha baada ya siku mbili. Samaki mtajeni pia, kwa maana ndicho mlichokishuku, na mseme kama amewahi kumla kabla na baada bila tatizo. Kisha andikeni kwamba dawa haikusimamishwa, kwamba aliendelea kuimeza, na kama katika mwezi huu amevimba tena au hajavimba. Najua sentensi hiyo ndiyo mganga mfawidhi angependa kuiruka. Msiiruke, kwa sababu kilichompata mtu aliyeendelea na dawa baada ya uvimbe ndicho anachokitafuta kwanza yule anayepima uzito wa shaka, na hakuna mwingine anayekijua zaidi yenu watatu na mama mwenyewe.